Kuiandaa Boti ya Weikibodi kwa Slalomu Hapa Kigoma

Kila kiangazi kikiingia swali hili hurudi: "Kaka, boti ninayo, injini ina nguvu, mnara upo, mbona nikipanda ski moja nateseka?" Jibu ni kwamba boti ya weikibodi (ule ubao mmoja wa kurukia mawimbi ya boti) imeundwa ichimbe maji, na slalomu, yaani kuteleza kwa ski moja ukikata maji huku na huku, inataka boti ipite juu ya maji bila kuyasumbua. Huhitaji boti nyingine. Unahitaji kuiondolea hiyo uliyonayo kila kilichowekwa kwa ajili ya kutengeneza wimbi, na kuishusha kamba. Kati ya hayo mawili, kamba ndiyo kubwa zaidi. Wengi hushughulika na uzito, wakaiacha kamba juu mnarani, ile fremu iliyosimama juu ya boti, kisha wanalalamika kwamba boti ni mbaya.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwenye boti ya injini ya ndani iliyokaa nyuma, chini ya kiti cha mwisho, kwa sababu boti nyingi za weikibodi ziko hivyo. Kama unaendeshea Ghuba ya Kigoma au maji ya mbele ya ufukwe wa Jakobsen, kila kitu hapa kinakuhusu.

Kabla ya kuanza, hakikisha una hivi

- Kitabu cha maelekezo cha boti yako. Humo kuna uzito unaoruhusiwa kwenye mnara na mahali halali pa kufungia kamba.
- Kamba ya slalomu na mpini wake. Kamba ya weikibodi haifai, nitaeleza kwa nini.
- Simu yenye programu ya GPS inayoonyesha mwendo kwa kilomita kwa saa.
- Chaki au tepu ya kuwekea alama ubavuni mwa boti.
- Spana, tochi na kisu kikali. Kisu ni cha nyavu.
- Jaketi okozi kwa kila aliyemo. La mtelezaji liwe la kubana mwili, si yale makubwa ya abiria yanayompanda usoni akianguka.
- Watu watatu: nahodha, mwangalizi anayetazama nyuma muda wote, na mtelezaji. Wawili hawatoshi. Nahodha hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja.
- Boti iwe imekaguliwa na kupewa leseni na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ghuba yetu ni njia ya kuingilia bandarini, kwa hiyo waulize watu wa bandari kwanza ni eneo gani unaweza kulitumia.

Hatua ya 1: Chagua saa na maji

Slalomu ni mchezo wa maji tulivu, na ziwa letu lina hasira likipatwa na upepo. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, pepo za kusini mashariki huvuma kwa nguvu, na mchana upepo wa ziwani huongezeka. Asubuhi ndiyo saa yako. Kumbuka kwamba jua la Kigoma huchelewa kuliko la Dar es Salaam na milima iko mashariki yetu, kwa hiyo mwanga wa kutosha kuona nyavu unapatikana baadaye kidogo. Usitoke gizani eti uwahi maji laini.

Saa hiyohiyo ndiyo mitumbwi ya dagaa inarudi Katonga na Kibirizi, imeshiba, ukingo umebaki vidole vichache juu ya maji. Wimbi la boti yako linaweza kuuzamisha mtumbwi wa aina hiyo pamoja na kazi ya usiku kucha. Pita mbali, na ukishindwa kupita mbali, punguza mwendo kabisa mpaka umewapita. Siku za mwezi mpevu wavuvi wa dagaa wengi hawatoki, maana taa zao hazivuti samaki mwanga ukiwa mwingi. Asubuhi za siku hizo maji huwa na nafasi, na ndizo ninazozipendekeza kwa anayeanza.

Njia yako ya kuvutia iende kaskazini na kusini sambamba na ufuo, si kuelekea Kongo. Ukienda magharibi jioni, jua linakuwa machoni mwa nahodha na hataona boya wala kichwa cha mtu.

Hatua ya 2: Toa maji yote ya uzito

Lita moja ya maji ni kilo moja. Boti hizi hubeba mifuko ya maji ili ziwe nzito; yenye mifuko mitatu ya lita 300 kila mmoja, ikiwa imejaa, imebeba kilo 900, sawa na watu wazima kumi na wawili wasioonekana. Hapo ndipo wimbi la nyuma linapotoka.

Fanya hivi. Boti ikiwa imesimama majini, mifuko imejaa, chora mstari wa chaki ubavuni karibu na nyuma pale maji yanapofika. Washa pampu za kutolea maji moja baada ya nyingine, si zote pamoja, ili usikie kila pampu inapoanza kuvuta hewa. Zikimaliza, tazama mstari wako. Ukiwa umepanda juu ya maji wazi pande zote mbili, vizuri. Ukiwa umepanda upande mmoja tu, kuna mfuko bado una maji.

Usiamini kipimo cha dashibodi peke yake. Fungua sanduku la kila mfuko, ingiza mkono, uukandamize kwenye kona za chini. Mfuko unaosemekana mtupu mara nyingi hubaki na maji kwenye mkunjo ambako pampu haifiki. Uinue kona, uelekeze maji kwenye bomba, washa pampu tena. Mifuko ya kupachika isiyounganishwa na boti, itoe kabisa uiache ufukweni.

Halafu angalia maji yaliyotuama chini ya injini, na uondoe vitu: nanga ya pili, madumu, friji ya soda, mbao za weikibodi zilizopangwa mnarani. Mafuta pia ni uzito, ingawa petroli ni nyepesi kuliko maji. Nusu tenki inatosha kwa asubuhi nzima ya mazoezi karibu na mji.

Hatua ya 3: Rudisha plati na mabawa mahali pake

Boti hizi zina vifaa vya kuivuta nyuma yake chini: bawa la chini ya maji, au plati za pembeni za kutengeneza wimbi la kuteleza bila kamba. Bawa lipandishwe na lifungwe. Plati za pembeni zirudi ndani. Zima mpangilio wowote wa weikibodi uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya boti, la sivyo ukibonyeza kitufe cha kuanza, matenki yataanza kujaa tena bila wewe kujua.

Plati ya katikati, kama unayo, ni kinyume. Kuishusha kidogo huinua nyuma ya boti, pua hushuka na wimbi hulala. Anza ikiwa juu kabisa, kisha ishushe kidogokidogo katika majaribio ya hatua ya 8. Ukiizidisha, pua itazama na usukani utakuwa mzito.

Hatua ya 4: Panga watu

Injini iko nyuma, kwa hiyo nyuma tayari ni nzito. Mwangalizi akae katikati au mbele kidogo, upande usio wa nahodha, akigeukia nyuma. Abiria wa ziada wabaki ufukweni. Najua inaudhi kumwambia shemeji yako aliyekuja kutembea abaki nchi kavu, lakini kila anayekaa kiti cha nyuma anaongeza wimbi analogonga mtelezaji.

Hatua ya 5: Ishushe kamba

Hapa tusimame kidogo.

Mnara upo juu ili kumsaidia wa weikibodi kuruka. Mtu wa slalomu hataki kuruka. Anataka kuulalia mvuto kwa mwili wote, ski ikiwa imebanwa ubavuni ndani ya maji. Kamba ikitoka juu, kila anapolala inamnyanyua, kama mtoto anayeshikwa kwapani, na ski inapoteza mshiko. Huyo ndiye anayekwambia "boti haivuti". Inavuta, ila inavuta kwenda juu.

La pili ni usalama. Mtelezaji wa slalomu huvuta kwa pembeni kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo ikishika juu mnarani inaiinamisha boti upande huo na kuchosha boliti za mnara. Soma kitabu chako kinaruhusu nini. Kwa mtoto mwepesi anayejifunza kusimama kwenye ski mbili mnara hauna shida kubwa. Kwa mtu mzima anayekata maji, shusha kamba.

Una sehemu mbili za kuishushia:

a) Nguzo fupi ya kuvutia. Baadhi ya boti zina tundu lake sakafuni au mbele ya mfuniko wa injini, na nguzo inachomekwa. Kama ipo, itumie. Hakikisha imeingia mpaka mwisho na pini yake imefungwa. Hakikisha pia kamba ikizunguka upande wowote haigusi kiti wala kichwa cha mtu.

b) Pete ya chuma iliyo katikati nyuma ya boti, juu ya jukwaa la kuogelea. Hii boti nyingi zinayo. Hapa kuna kosa ninaloliona mara kwa mara: nyuma ya boti huwa na pete tatu, na zile mbili za pembeni ni za kufungia boti kwenye trela. Hazikuwekwa kwa ajili ya kuvuta mtu. Tumia ya katikati tu. Ingia ndani na tochi, tafuta boliti zake kwa upande wa pili, zikaze kwa spana, na tazama kama fiberi inayozizunguka ina nyufa. Ukiona ufa wa duara kuizunguka boliti, siku hiyo hakuna ski. Mpelekee fundi.

Ukitumia pete ya nyuma, kumbuka mambo mawili. Mtelezaji atamvuta nahodha usukani zaidi kuliko angefanya kamba ikiwa katikati ya boti, na kamba ikilegea itaangukia karibu na jukwaa. Mwangalizi ashike kazi ya kuitazama hiyo kamba. Nahodha asiweke gia mpaka aambiwe "kamba safi".

Namna ya kufunga: usipige fundo. Pitisha kamba ndani ya kitanzi chake chenyewe ukizunguka nguzo, ivute ikae sawa. Kwa pete, tumia kiungo cha chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya kuvutia. Fundo hupunguza nguvu ya kamba na likishabanwa na maji utalikata kwa kisu.

Hatua ya 6: Kamba yenyewe

Kamba ya weikibodi imetengenezwa isinyumbuke kabisa. Kwenye slalomu kila mgeuko unaleta mshtuko, na mshtuko huo unaishia mabegani mwa mtelezaji na kwenye boliti zako. Kamba ya slalomu hunyumbuka kiasi kidogo kilichopimwa, na huelea.

Usitumie kamba ya nailoni ya dukani inayouzwa kwa ajili ya mitumbwi na nyavu. Nailoni hunyumbuka sana. Ikiachiwa, mpini unarudi botini kwa kasi inayoweza kumtoa mtu jicho. Tena huzama, moja kwa moja kwenye propela.

Kamba kamili ya slalomu ina mita 23. Ina vitanzi vya rangi vya kufupishia: 18.25 (nyekundu), 16 (chungwa), 14.25 (njano), 13 (kijani), 12 (bluu), na kuendelea. Wa mashindano kwa kawaida hufupisha wakishafikia mwendo wa juu kabisa. Wewe uko kwenye boti ya weikibodi, baki na 23 au 18.25. Karibu na boti wimbi lake lina ukingo mkali. Kadiri unavyorudi nyuma ukingo unalainika. Kitanzi cha mita 16 katika boti nyingi za injini ya nyuma kinamweka mtelezaji palepale maji ya katikati yanaporuka, na hapo wengi wanaanguka bila kujua sababu.

Hatua ya 7: Pima mwendo kabla ya kumfunga mtu

Weikibodi huvutwa takriban kilomita 30 hadi 37 kwa saa. Slalomu ni kasi zaidi. Mtu mzima anayejifunza ski moja aanze kati ya 40 na 46, na mashindano ya wanaume huishia 58, ya wanawake 55. Ngazi hupanda kwa kilomita 3: 40, 43, 46, 49 na kuendelea.

Toka bila mtelezaji, sukuma injini taratibu, tazama simu. Kipimo cha dashibodi kinachotegemea mrija wa maji hudanganya, hasa mrija ukiwa na uchafu. Andika tofauti kwenye tepu, ibandike mbele ya nahodha. Kama maji yako yana njia ya maboya ya mita 259, njia kamili ya slalomu, unaweza kuhakiki kwa saa ya mkononi: ukienda 58 utaimaliza kwa sekunde 16 na kidogo, ukienda 40 kwa sekunde 23 na kidogo.

Usishangae kama boti haifiki mwendo ulioandikwa kwenye kitabu. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Injini ya farasi 300 hapa inakuwa na 276 hivi. Propela ya weikibodi nayo imekatwa kwa ajili ya kuondoa mzigo mzito, si kwa kukimbia. Kwa boti iliyotolewa maji, 50 na zaidi kwa kawaida inapatikana, na inatosha sana. Usiilazimishe injini kupita mzunguko wa juu ulioandikwa ili kutafuta kilomita mbili.

Kama una kidhibiti mwendo, kibadilishe kutoka weikibodi kwenda slalomu. Cha weikibodi hushika mwendo polepole, na mtelezaji wa slalomu akivuta boti itazubaa kabla ya kurudi.

Hatua ya 8: Tazama wimbi

Nenda 46, mwangalizi apige picha ya nyuma mahali mtelezaji atakapokuwa. Rudia kwa 49. Kisha shusha plati ya katikati kidogo, rudia. Chagua picha yenye wimbi lililolala, si lenye povu dogo tu. Mara nyingi utaona kwamba 49 ina wimbi dogo kuliko 43, kwa sababu boti imepanda zaidi juu ya maji. Ndiyo maana anayeogopa mwendo huteseka zaidi kwenye boti hizi, na nahodha mwema hukaa naye na kumwelezea hivyo badala ya kumpandishia kasi kimyakimya.

Hatua ya 9: Mvute

Mtelezaji aingie kwenye maji ya kina akitokea botini, si kwenye majani ya pembeni. Huko kuna kichocho, na kuelekea mdomo wa Luiche kuna mamba na viboko. Injini izimwe wakati anashuka na kila anapopanda. Asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwa inawaka, moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya.

Sogea taratibu kamba ikaze, subiri ishara yake, kisha toa nguvu kwa uthabiti. Usikurupushe. Propela ya weikibodi ina mvuto mkali wa kuanzia, nusu ya unachodhani inatosha. Akisimama, chagua kitu ng'ambo, kilima au paa, uelekee hapohapo. Mikono miwili kwenye usukani.

Akianguka, punguza gesi, geuka taratibu, mfikie kwa upande wa nahodha ili umwone muda wote.

Ikikataa

*Wimbi bado kubwa.* Rudi hatua ya 2, ukandamize mifuko upya. Kisha maji chini ya injini. Kisha waliokaa nyuma.

*Boti inalalia upande mmoja.* Tenki moja halijaisha, au nahodha ni mzito na upande wa pili hauna mtu. Mhamishe mwangalizi kabla ya kugusa plati.

*Pua inadunda juu chini.* Uzito umezidi nyuma. Sogeza mtu mbele au shusha plati ya katikati kidogo.

*Haifiki hata 45.* Bawa limesahaulika chini, au kuna wavu kwenye propela. Zima injini, toa ufunguo, ndipo mtu ashuke na kisu. Vipande vya nyavu vinavyoelea hapa ni vingi, na uzi mwembamba ukijisokota kwenye shafti unakula sili, ile ya kuzuia maji yasiingie botini, kimyakimya. Ukiona maji yanaingia botini baada ya kukata wavu, rudi nchi kavu.

*Mwendo unapanda na kushuka wenyewe.* Kidhibiti bado kiko kwenye weikibodi, au GPS yake imezibwa na kitu kilichowekwa juu ya dashibodi.

*Nyuma ya boti inavutwa huku na huku.* Kwa kamba iliyofungwa pete ya nyuma ni kawaida kiasi fulani. Nahodha arekebishe kidogo na mapema, kabla mtelezaji hajakaza. Ikizidi, mwambie mtelezaji asivute kwa ukali mpaka nahodha ajifunze mkono wake.

*Injini inapata joto.* Ulianza ufukweni kwenye mchanga, na pampu ya maji imeumeza. Zima, fungua pampu, tazama kama mapezi ya mpira yamekatika. Weka ya akiba ndani ya boti, kwa sababu Kigoma kuipata siku hiyohiyo ni bahati.